Figo zimefeli ghafla ilhali hazikuwa na ugonjwa: uzi kuhusu damu isiyofika

Sista_wa_Figo (mwanzilishi wa uzi)

Wadau, habari zenu. Swali ninaloulizwa kuliko yote kwenye kitengo cha figo hapa Nairobi ni hili: "Mzee hajawahi kuugua figo. Ameendesha tumbo tu wiki iliyopita. Mbona leo tunaambiwa figo zimefeli?" Familia huuliza wakiwa wamesimama kwenye korido, daktari anangojwa na wagonjwa wengine, na jibu wanalopewa ni la dakika moja. Nataka kulitoa hapa kwa urefu. Naamini kabisa kwamba watu wengi wangeokoa figo zao wakiwa bado nyumbani kama wangejua kinachoendelea ndani.

Tuanzie kwenye damu. Figo zako mbili kwa pamoja zina uzito wa kama gramu 300, haifiki hata asilimia moja ya mwili wako. Lakini ukiwa umetulia, moyo huzipelekea kati ya sehemu moja ya tano na robo ya damu yote unayoisukuma, yaani lita moja na ushee kila dakika. Hazihitaji damu yote hiyo kwa ajili ya kujilisha. Zinaihitaji ili ziichuje. Kila figo ina vichujio vidogo karibu milioni moja, na kinachosukuma maji yatoke kwenye damu yapite kwenye kichujio ni presha ya damu yenyewe, hakuna pampu nyingine. Kwa siku moja huchujwa takriban lita 180. Kisha mirija ya figo inarudisha karibu yote mwilini pamoja na chumvi, na wewe unaenda kukojoa lita moja na nusu au mbili.

Kazi hiyo ya kurudisha chumvi inakula oksijeni nyingi, na hapo ndipo figo ilipo na udhaifu wake. Damu nyingi huishia sehemu ya nje ya figo, penye vichujio. Sehemu ya ndani hupata kidogo, na oksijeni yake huwa chini hata kwa mtu mwenye afya yake. Damu ikipungua, mirija ya huko ndani ndiyo ya kwanza kuumia.

Na si lazima utoke damu ndipo figo zikose damu. Kuhara na kutapika kunanyonya maji na chumvi kutoka kwenye damu. Mtu aliyeungua moto, mama anayevuja damu baada ya kujifungua, mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imepanda mpaka anakojoa usiku kucha, hawa wote wamepoteza ujazo wa damu. Wengine damu wanayo lakini haifiki: moyo umechoka na hausukumi, au maambukizi yameingia kwenye damu, mishipa ya mwili mzima imelegea na presha imeanguka.

Figo hazikubali kirahisi. Mshipa mdogo unaoingiza damu kwenye kichujio unapanuka, kazi inayosaidiwa na kemikali ziitwazo prostaglandini. Mshipa unaotoa damu upande wa pili unabanwa na homoni ya anjiotensini. Damu inaingia kwa wingi, inatoka kwa shida, na presha ndani ya kichujio inabaki palepale hata kama ile ya mkononi imeshuka. Wakati huohuo mirija inashika chumvi na maji kwa nguvu zote, ndiyo maana mkojo unakuwa mchache na mzito. Watu huogopa mkojo huo, na wana haki ya kuogopa, lakini hapo figo bado ni nzima na zinapigana.

Kinga hiyo ina kikomo. Presha ya wastani (iliyo kati ya namba ya juu na ya chini ya kipimo) ikishuka chini ya 80 hivi, uchujaji unaanza kuporomoka. Kwa mzee, au mtu aliyeishi na presha ya juu miaka mingi, kikomo kinafika mapema zaidi kwa sababu mishipa yake imekakamaa. Mzee aliyezoea namba ya juu ya 160 akipimwa akakutwa na 105, watu wanafurahi kwamba presha imekuwa nzuri, kumbe figo zake zinalia njaa.

Mpaka hapa, ukirudisha damu, figo hurudi, mara nyingi ndani ya siku moja hadi tatu. Ukichelewa, seli za mirija zinakufa, zinabanduka na kuiziba mirija yenyewe. Ukishavuka mpaka huo, hata ukimwekea mtu dripu juu ya dripu mkojo hauji. Maji yanaenda miguuni na kwenye mapafu. Kupona kunachukua wiki kadhaa, na wako ambao figo hazirudi zilivyokuwa. Hakuna anayeweza kukuambia mpaka huo uko saa ngapi kwa mgonjwa wako. Ndiyo sababu nawasihi msingoje.

Ulizeni. Nitajibu nikitoka zamu.

---

Kaka_wa_Mjengo

Sista asante kwa somo. Mimi niko saiti huku Kayole. Sisi tukimaliza kumwaga slabu mgongo unauma hujiwezi, kila mtu anameza diklo asubuhi na jioni. Wengine hata kabla ya kuanza kazi, ili isiume. Maji ya kunywa saiti ni ya shida, unaweza kushinda na chai ya saa nne tu hadi jioni. Hiyo nayo inaingia kwenye hayo mambo yako?

---

Sista_wa_Figo

Kaka, inaingia moja kwa moja. Nilisema mshipa unaoingiza damu unapanuliwa na prostaglandini. Diklofenaki, ibuprofeni (Brufen) na ndugu zao wote hutuliza maumivu kwa kuzuia mwili kutengeneza hizo prostaglandini. Dawa haijui kuchagua kati ya zile za mgongoni na zile za kwenye figo. Inazizuia zote.

Kijana mwenye afya aliyekunywa maji ya kutosha, akimeza diklo leo na kesho, figo zake kwa kawaida hazitasikia kitu, kwa sababu siku ya kawaida hazitegemei sana kinga hiyo. Lakini mtu aliyetoka jasho tangu saa mbili asubuhi juu ya slabu, hajanywa maji, damu yake imepungua ujazo. Saa hiyo ndiyo figo zinaegemea prostaglandini ili zipate damu. Ukimeza kidonge hapo unaziondolea egemeo.

Kwa hiyo nikushauri: maji kwanza, na maumivu yakizidi anza na parasetamoli (Panadol), ambayo kwa kipimo chake haigusi mshipa huo kwa namna hiyo. Hiyo ya kumeza diklo kabla ya kazi ili isiume, naomba muiache kabisa. Na yeyote kati yenu anayeendesha tumbo au kutapika siku hiyo, asiiguse. Mwambie na msimamizi wenu kwamba jerikeni la maji safi pale saiti ni kifaa cha kazi.

---

FundiBomba254

Ngoja niwasaidie wale hawakuelewa hayo mambo ya mshipa wa kuingia na wa kutoka, maana mimi ndiyo kazi yangu. Chukua ploti ya ghorofa sita huku Pipeline. Siku ya mgao, maji yanakuja na presha ndogo. Wa chini wanapata, wa ghorofa ya sita anafungua bomba linakohoa tu. Bomba la yule wa juu halijaharibika. Ukibadilisha koki hujamsaidia, tatizo ni presha huko mtaani. Sasa ukitaka apate kidogo, unafungua vali ya kuingilia mpaka mwisho na unabana ya kutokea. Sista, nimepata?

---

Sista_wa_Figo

Fundi umepata vizuri sana, na nitawasomesha wanafunzi wa uuguzi kwa ploti yako ukiniruhusu. Yule wa ghorofa ya sita ni ile sehemu ya ndani ya figo.

Niongeze mahali ambapo figo inaachana na bomba: bomba likikauka wiki nzima, maji yakirudi litatoa kama kawaida. Figo ni seli hai. Zikikosa oksijeni zinakufa, na maji yakirudi yanakuta mirija imeziba.

---

Binti_wa_Umoja

Sista, haya unayoyaandika yametokea kwetu mwezi uliopita na sikuelewa hadi leo. Mama ana miaka 68, ana presha, anatumia enalaprili na ile nyingine ya kukojoza, HCTZ. Alikula kitu kwenye sherehe, akaharisha na kutapika. Sisi tukawa makini sana asikose dawa zake za presha, kila asubuhi namwekea mwenyewe na uji. Akawa analalamika miguu na mgongo, tukamchukulia Brufen kwa kemisti. Siku ya nne alikuwa amelegea, nikagundua hajaenda chooni tangu jana yake.

Hospitali walituambia kreatinini (taka ya damu ambayo figo hutakiwa kuitoa) ni 412, wakazisimamisha dawa zote za presha na kumwekea dripu. Alipona bila dayalisisi (mashine ya kusafisha damu), alitoka akiwa na 130. Lakini shangazi bado anasema hospitali ilikosea, eti mtu wa presha ukimsimamishia dawa utamuua. Ni kweli?

---

Sista_wa_Figo

Pole sana dada, na mpe mama salamu zangu. Hospitali ilifanya sawasawa. Niruhusu nieleze kwa nini, maana shangazi zetu ni wengi na wanasema kwa mapenzi.

Mama alikuwa na vitu vitatu mwilini kwa wakati mmoja. HCTZ inatoa chumvi na maji, nayo kuhara kunatoa chumvi na maji: ujazo wa damu ukashuka mara mbili. Brufen ikaondoa prostaglandini, mshipa wa kuingiza ukashindwa kupanuka. Enalaprili inazuia anjiotensini kutengenezwa, mshipa wa kutoa ukashindwa kubana. Angalia: figo zilikuwa na kinga mbili, na zote mbili zilizuiwa siku ileile ambayo ujazo ulishuka. Mchanganyiko huo wa dawa tatu (ya presha ya kundi hilo, ya kukojoza, na ya maumivu) madaktari wanaufahamu duniani kote na wanauogopa hata kwa mtu ambaye haharishi. Losartani nayo iko upande uleule na enalaprili.

Na nisieleweke vibaya. Enalaprili na losartani ni dawa nzuri. Kwa miaka na miaka zinalinda figo, hasa za watu wa kisukari, kwa sababu hiyohiyo ya kupunguza presha ndani ya kichujio. Sitaki mtu asome hapa halafu atupe dawa. Ninachosema ni kwamba dawa inayofaa siku ya kawaida inaweza kudhuru siku ambayo mtu anaharisha na kutapika na hashikilii maji. Siku hiyo piga simu kliniki yako, uliza swali hili kwa maneno haya: "Ninaharisha tangu jana, niendelee na enalaprili na dawa ya kukojoza au nisimame kwanza?" Mwenye ugonjwa wa moyo ndiye asiamue peke yake kabisa, kwake kusimamisha dawa za kukojoza kunaweza kumjaza maji. Anayetumia metformini ya kisukari aulize kuhusu hiyo pia.

Jambo la mwisho: kreatinini kushuka kutoka 412 hadi 130 kwa dripu na kupumzisha dawa kunaonyesha kwamba sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa damu kutofika, na kwamba mlimfikisha kabla mirija haijaharibika sana. Kugundua kwako kwamba hajaenda chooni ndiko kumemwokoa.

---

CO_wa_Eastlands

Mimi ni kliniki ofisa, naongezea upande wa vipimo kwa sababu hapo ndipo watu wanapotezwa.

Kwanza kreatinini huchelewa. Figo zinaweza kupoteza nusu ya uchujaji leo asubuhi, na kipimo cha leo mchana kikaonekana kizuri, kwa sababu kreatinini inahitaji muda ijikusanye kwenye damu. Pili, hiyo "kawaida" iliyochapishwa pembeni ya karatasi si kawaida yako wewe. Shosho mwembamba ambaye kreatinini yake ni 60 siku zote, akija na 100, maabara nyingi hazitaweka hata nyota. Lakini imepanda zaidi ya nusu. Miongozo ya 2012 ya KDIGO, shirika la kimataifa la wataalamu wa figo, inasema kupanda kwa mikromoli 26.5 ndani ya saa 48, au kufika mara moja na nusu ya kiwango chako ndani ya siku saba, tayari ni jeraha la ghafla la figo. Kwa hiyo tunza karatasi zako za zamani. Kwangu mimi karatasi ya mwaka jana iliyokunjwa kwenye pochi ina thamani kuliko maelezo marefu.

Tatu, mkojo hauchelewi. Kiwango ni nusu mililita kwa kila kilo kwa saa. Mtu wa kilo 60 anatakiwa kutoa mililita 30 kwa saa, yaani 180 kwa saa sita. Hiyo haijazi hata chupa ya soda ya mililita 300. Akitoa chini ya hapo kwa saa sita, anahesabiwa kuwa na jeraha la ghafla la figo. Huhitaji maabara, unahitaji jagi lenye alama.

Tukitaka kujua kama ni damu tu haifiki au mirija imeshakufa, tunatazama chumvi ya mkojo. Figo iliyo hai inaishika sodiamu, utaikuta chini ya 20. Mirija ikishaharibika inaiachia, inapanda zaidi ya 40. (Kipimo hicho kinapotosha kama mgonjwa amemeza dawa ya kukojoza, uliza kwanza.) Na ukiweka mkojo chini ya darubini unaona vipande vya rangi ya kahawia vyenye umbo la mirija yenyewe: ni seli zilizokufa zikajikunyata pamoja. Mara ya kwanza kuviona nilikaa kimya kidogo.

Kwa wazee wa kiume msisahau ultrasaundi. Mzee asiyekojoa huenda tezi dume imemziba, na hapo dripu itamtesa bure, katheta (mrija wa kutoa mkojo kwenye kibofu) ndiyo dawa.

---

MitiAsilia_KE

Hawa wa hospitali wanawatisha ili muende mkachomwe sindano. Nina mchanganyiko wa mizizi na majani unaosafisha figo ndani ya siku saba, unatoa uchafu wote kwa njia ya choo na mkojo. Aliyefeli figo aje inboksi.

---

Sista_wa_Figo

Nimeomba wasimamizi wasiufute ujumbe huu ili nijibu hadharani.

Figo iliyokosa damu haina uchafu wa kusafishwa. Imekosa damu. Dawa inayotoa "kwa njia ya choo" maana yake inaharisha, na inayotoa "kwa njia ya mkojo" maana yake inakojoza. Mgonjwa aliyeingia hatarini kwa kupoteza maji unampa kitu cha kumtoa maji zaidi. Hayo nimeyaona wodini, na sitayanyamazia. Isitoshe iko mimea yenye sumu ya figo inayojulikana vizuri. Asidi ya aristolokia, iliyomo kwenye mimea ya jamii ya Aristolochia, imeharibu figo za watu wengi Ulaya na Asia, na husababisha hata saratani ya njia ya mkojo.

Sina ugomvi na mti wowote. Lakini mtu akiuza kitu kwa mgonjwa ambaye hajakojoa tangu jana, anamwibia zile saa ambazo figo zilikuwa bado zinaokoka.

---

Mkunga_Mathare

Sista naunga mkono. Naomba nizungumzie akina mama, maana kwetu sisi ndio wanaokosa damu kwa kasi kuliko wote.

Mwisho wa mimba, mfuko wa uzazi hupitisha zaidi ya nusu lita ya damu kila dakika. Ukigoma kukaza baada ya mtoto kutoka, hesabu mwenyewe mama anabaki na dakika ngapi. Mwili unafunga damu ya ngozi, ya matumbo, ya figo, ili ubongo na moyo vipate. Mama anaweza kupona kutokwa damu, tukashangilia, halafu siku ya pili mfuko wa katheta una mkojo wa kufunika chini tu, wa kahawia. Kwa wengine hali huwa mbaya zaidi: sehemu ya nje ya figo, ile yenye vichujio, inakufa kabisa, na hiyo ni nadra kurudi.

Tatizo kubwa lilikuwa tunakadiria damu kwa macho. Damu iliyolowa kwenye kanga na pamba inaonekana kidogo kuliko ilivyo. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Mama aliwekewa karatasi ya plastiki yenye mfuko na alama za kupimia, na damu ikifika kiwango cha hatari anapewa matibabu yote kwa mkupuo bila kungoja moja lishindwe ndipo lije lingine. Kutokwa damu kukali na madhara yake makubwa yalipungua kwa asilimia 60. Sisi watu wa Kenya tulikuwemo humo, na najivunia.

Ombi langu kwa waume na mama wakwe: mama aliyetoka kujifungua akisema ana kizunguzungu akiinuka, moyo unamwenda mbio, na pedi inalowa kila baada ya muda mfupi, msimwambie ni uchovu wa uzazi. Na aliyevuja damu nyingi asinunuliwe diklo ya maumivu bila kumuuliza daktari, kwa sababu ileile Sista aliyomweleza ndugu wa mjengo.

---

Kaka_wa_Mjengo

Swali lingine kama naruhusiwa. Nyumba ikianguka, mtu akatolewa kwenye kifusi akiwa anaongea vizuri, halafu anafariki baadaye hospitali. Tulisikia hayo mwaka 2016 nyumba ilipoanguka Huruma. Hiyo nayo ni figo?

---

Sista_wa_Figo

Ya Huruma siwezi kuyasemea mgonjwa mmoja mmoja, lakini hali unayoieleza inajulikana tangu vita. Mwaka 1941 madaktari Bywaters na Beall walieleza watu waliofukuliwa kwenye vifusi vya mabomu London. Walitoka wakiwa na nafuu, kisha presha ikashuka, mguu uliobanwa ukavimba, mkojo ukakoma.

Msuli uliobanwa saa nyingi unakufa. Kifusi kikiondolewa, maji ya damu yanakimbilia kwenye msuli ule unaovimba, figo zinakosa ujazo. Wakati huohuo rangi ya msuli, mayoglobini, inamwagika kwenye damu na kwenda kuziba mirija ya figo, nayo potasiamu inapanda na inaweza kusimamisha moyo. Kwa sababu hiyo waokoaji waliofunzwa huanza dripu mtu akiwa bado chini ya zege, kabla ya kumwinulia jiwe. Mkisaidia uokoaji, mkamkuta mtu amebanwa paja muda mrefu, mwiteni mhudumu wa afya kabla ya kuinua.

---

Mwalimu_Donholm

Sista, nami nina swali la mzee mstaafu. Kutokana na uzi huu mke wangu ameninunulia jerikeni la lita tano na ananilazimisha nilimalize kila siku. Nina tatizo la moyo, miguu huvimba, natumia Lasix, dawa ya kukojoza. Daktari wangu aliniambia nipunguze maji. Nimsikilize nani?

---

Sista_wa_Figo

Mwalimu, heshima zako. Msikilize daktari wako, na naomba mama naye asome hapa.

Kwako damu ipo ya kutosha, pengine imezidi. Moyo ndio hauisukumi, na maji yaliyorudi nyuma kwenye mishipa yanazibana figo kutoka upande wa kutokea. Ukiongeza lita tano unazidisha kuvimba na unaelemea mapafu, na figo hazipati hata tone la ziada. Kwa wagonjwa wa aina yako mara nyingi tunapotoa maji kwa Lasix ndipo kreatinini inaposhuka, jambo linalowashangaza hata wanafunzi wetu. Jipime uzito kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai. Ukiongezeka kilo mbili ndani ya siku chache, piga simu. Ukiharisha, piga simu siku hiyohiyo, maana wewe uko pembamba pande zote mbili: maji yakizidi ni hatari, yakipungua pia ni hatari.

Na kwa wengine wote: hakuna haja ya kujijaza lita tano. Kunywa kwa kiu, ongeza ukitoka jasho. Anayeharisha anahitaji chumvi pamoja na maji, kwa sababu maji matupu hayakai vizuri kwenye damu bila chumvi. Nunua ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji), ni bei ya chini kwenye kemisti yoyote, soma pakiti imeandikwa ichanganywe na maji kiasi gani, wengine wanaikoroga kwenye kikombe kimoja na kumpa mtoto chumvi kali. Ukiikosa usiku: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anayetapika apewe kwa kijiko, kidogo kidogo, kila baada ya dakika chache. Ninasisitiza hili kwa watu wa Mathare na Mukuru hasa, kila mvua kubwa inapochanganya maji ya bomba na ya mitaro kama yale mafuriko ya Aprili 2024.

---

Binti_wa_Umoja

Sista, na wale wanaowekwa kwenye dayalisisi, ndiyo basi tena maisha yote? Jirani yetu wa kitanda cha pili wodini familia yake ilikataa kwa hofu hiyo.

---

Sista_wa_Figo

Hofu hiyo inaua. Naomba usambaze jibu hili hata kwa wasiosoma uzi.

Figo zilizofeli ghafla si sawa na zile zilizokauka polepole kwa miaka ya kisukari au presha. Seli za mirija zina uwezo wa kuota upya, kama mgonjwa atabaki hai muda wa kutosha. Dayalisisi haiziponyi. Inamshikilia mgonjwa: inatoa potasiamu kabla haijagusa moyo, inatoa maji kwenye mapafu, inatoa sumu. Bomba linawekwa shingoni au kwenye paja, la muda. Wengi waliopona huanza na mkojo kidogo, kisha unakuja mwingi kupita kiasi, lita nyingi kwa siku, kwa sababu mirija mipya bado haijajua kurudisha maji. Hapo tunapaswa kuwafuata kwa karibu wasikaukiwe tena.

Mtu wa kwanza kuokolewa na mashine ya dayalisisi ya daktari Willem Kolff kule Kampen, Uholanzi, mwaka 1945, alikuwa mama wa miaka 67 aliyefeli figo ghafla. Aliletwa akiwa hajitambui. Alizinduka, figo zake zikarudi, akaenda nyumbani kuishi maisha yake bila mashine. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza kabisa kazi ya mashine hii imekuwa kumvusha mtu.

Wako ambao hazirudi, sitawadanganya. Uamuzi ufanywe na familia ikiwa imeambiwa hilo kwa ukweli, na wakati mkizungumza mtu mmoja aende dirisha la SHA (bima ya afya ya serikali) kuhakikisha usajili uko sawa, mambo ya malipo yasije yakawachelewesha.

---

Binti_wa_Umoja

Nimeelewa, asante sana. Sasa mama ni mzima, anakula, anadai dawa zake za presha maana anaona kichwa kinamuuma. Leo amepima 158 juu ya 92. Kliniki ni wiki ijayo. Nimrudishie enalaprili?

---

Sista_wa_Figo

Usimrudishie mwenyewe, lakini pia usingoje wiki ijayo. Mpeleke kesho, kliniki itakubali mtu aliyetoka wodini na presha ya namna hiyo. Mara nyingi dawa hurudishwa mgonjwa akishakuwa anakula na kunywa vizuri na kreatinini imetulia, moja moja, wakati mwingine wanaanza na ya kundi lingine kama amlodipini ambayo haigusi mshipa ule wa kutoa. Wakirudisha enalaprili, omba kreatinini na potasiamu zirudiwe baada ya wiki moja au mbili. Halafu mwezi wa tatu tangu augue apimwe tena kreatinini pamoja na protini ya mkojo, kwa sababu figo zilizoumia mara moja zinahitaji kuchungwa hata kama namba zimerudi.

Beba ile karatasi ya 412, ya 130, na yoyote ya kabla hajaugua. Na mwombe daktari aandike juu ya kadi yake kwa wino unaoonekana: asipewe diklofenaki wala ibuprofeni. Watu wa kemisti husoma kadi wakionyeshwa.